Mrija wa Pili

Kwanza ilikuwa pombe kupungua. Ejoku aliingia jikoni kuchukua maji moto, na aliporudi uani chungu kilikuwa kimeshuka kana kwamba wazee wanne wamekizunguka. Uani hapakuwa na mtu.

Ejoku alikuwa ajenti wa kupitisha mizigo mpakani Malaba. Tangu mkewe Akiteng afariki, alikuwa amejifunza kupika ajono, ile pombe ya wimbi ambayo marehemu alisifika kwayo, na kila chungu alikipiga picha kwa simu akawatumia marafiki. Sasa, wanaume tunajuana. Aliona haya kuonekana anakunywa peke yake. Basi akautoa mrija wa kunywea wa marehemu darini, akauchomeka chunguni mkabala na wake, ili picha ionekane ya watu wawili.

Picha zote zilijihifadhi mtandaoni, kwa cloud. Jumapili moja akizipitia, aliona ule mrija umeinuka, ncha yake ikiwa usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi. Iliyofuata ilikuwa na kivuli kitini. Iliyofuata tena, kitenge cha Akiteng, kilekile alichozikwa nacho. Hakuogopa inavyostahili. Alifurahi, maskini.

Kilichomtia baridi ni picha za zamani. Za harusi, za sokoni, za Krismasi kule Butula: kitenge kipo, mikono ipo, usoni hamna kitu, ngozi tupu kama yai lililomenywa. Ilisalia moja tu nzima, Akiteng akicheka kule Sio Port, ufuoni mwa ziwa, katikati ya omena zilizoanikwa.

Akaenda kwa Mama Apeduno, mama wa maombi. Mama aliikuza kwa simu picha ya yule aliyeketi chunguni, akauliza kwa sauti ya chini.

"Akiteng alikuwa anashika mrija na mkono gani?"

"Wa kulia, mama. Kwetu kushika na kushoto ni matusi."

"Na huyu?"

Mkono wa pichani ulikuwa wa kushoto. Ejoku alikuwa ameshaona kitambo.

"Mrija bila mtu ni kuita. Uliita, jini akakuja. Anakula sura ya bibi yako kwa hizo picha ndio apate uso. Tuchome huo mrija, na ufute picha zote za chungu. Ukimwekea mrija mwingine, hiyo ya Sio Port pia itaenda, na mimi sina maombi ya kuirudisha."

Waliuchoma kwenye jiko la Ejoku. Ulinuka nywele zinazoungua. Ejoku akafuta picha, na ya Sio Port ikabaki.

Jumamosi alipika tena, akaketi na mrija mmoja. Malori yalinguruma kwenye foleni, majirani wakacheka nyuma ya ukuta, naye akafyonza, akaangalia kile kiti kitupu, akafyonza tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikaja taratibu, ikasimama upande wa pili wa chungu, ikangoja kama mgeni ambaye hajakaribishwa, na jioni yote ile hakuna mtu mwingine aliyekuja.

Akafungua ile picha ya Sio Port, akamtazama Akiteng akicheka. Kisha akailaza simu kifudifudi, akaenda ndani, akarudi na mrija mpya, akauchomeka mkabala na wake.

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akikikalia.

"Shika tu," Ejoku alisema bila kuinua macho. "Mkono wowote."