Mawe ya Marehemu

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Mama Brashi aliinamia matangi ya kufugia konokono na kusugua mawe kwa brashi. Jina hilo alipewa na majirani, naye hakulikataa.

Mumewe alipokuwa hai, mawe yale yalijaa ukoko mgumu wa rangi ya waridi. Walikuwa wakigombana, mke akifoka: "Unafuga konokono wa baharini au unafuga uchafu?" Mume alicheka, akaanza kueleza, lakini mke hakusikiliza.

Sasa mume hayupo. Mawe ni meupe, na konokono wachanga wanakufa. Wanaogelea, wanazunguka, kisha wanazama. Mara ya tatu hii! Wakifa tena, matangi yatafungwa, na kazi ya marehemu itakuwa imekwisha.

"Mama, pumzisha mkono," alisema binti yake.

"Nipumzike, asugue nani? Wewe?"

Siku hiyo alifika afisa uvuvi, dada mmoja mwenye buti za mpira. Alichungulia tangi, akashika kiuno. "Ukoko wa waridi uko wapi?"

"Nimeutoa wote!"

"Jamani, mama yangu! Umewabomolea watoto nyumba."

Nyuma ya tangi la mwisho alipata jiwe moja lililosahaulika. Alikwangua kipande kidogo, akakidondoshea siki. Kikatoa povu.

"Unaona? Kina chokaa. Lakini si kutu, wala si ugonjwa. Ni mwani."

"Mwani gani usio na majani? Usinichezee, mwanangu."

"Ni wa ukoo wa mwani mwekundu. Ndugu zake wengi wana matawi laini. Huu hutambaa juu ya mwamba na kujijengea chokaa mwilini. Hutumia mwanga kujitengenezea chakula. Nao hukua polepole kama ukucha wa mzee. Konokono wachanga wakiuhisi, ndipo hutua na kuanza kutambaa."

"Mwaka mzima nasugua!" Mama Brashi alitupa brashi kwenye ndoo, maji yakamrukia afisa. "Mwaka mzima!"

Walilitia jiwe lile kwenye tangi la konokono wapya. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mwezi mmoja baadaye, vidoa vidogo vilikuwa vikitambaa juu ya ukoko. Binti alihesabu hadi arobaini, akapotea, akaanza upya.

Mama Brashi aliinamia tangi. "Baba yako si angeniambia tu!"

"Alikuambia, mama. Kila siku. Wewe ulikuwa unafoka."

 Mama Brashi alichukua brashi yake, akaenda kusugua sakafu.