Lori Linalogoma Asubuhi

Kila asubuhi Chiriku alipiga mswaki mlangoni huku akimtazama mama yake akiwasha lori la kubebea matofali. Zamani lori liliitika mara moja tu. Wiki hii liligoma kila siku, starta ikalia mpaka ikachoka.

"Jamani, tusukumeni!" Mama alipaza sauti, na majirani wakatoka. Mwenye duka alikuja na taulo begani, kinyozi akaja na chanuo mkononi, kila mmoja na uchunguzi wake.

"Betri hiyo," alisema mwenye duka.

"Baridi tu," alisema kinyozi, huku jasho likimtiririka.

Wakisukuma mpaka mteremkoni, lori lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likawaka. Kisha lilifanya kazi kutwa nzima bila tatizo.

Jumamosi uvumilivu ulimwishia Mama. Alimgeukia mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa utingo, yaani msaidizi wake kwenye lori. "Filta ya dizeli uliibadilisha wewe wiki iliyopita. Tangu hapo sina raha. Fundi akikuta ni kosa lako, natafuta utingo mwingine. Undugu tutaendelea nao nyumbani."

"Dada, nilifunga vizuri kabisa," Mjomba alijibu kwa unyonge. Chiriku alitamani angekuwa shuleni, hata kama ni somo la hesabu.

Fundi Taratibu alifika, jina alilopewa kwa sababu hakuharakisha hata kula. Majirani walipokunja mikono ya mashati, aliwazuia. "Msisukume. Nataka kuliona likigoma." Wakarudi nyuma wamenuna, kana kwamba wamenyang'anywa kazi.

"Washa," alimwambia Mama. Starta ilizunguka kwa nguvu. "Basi betri ni nzima." Mwenye duka alitazama pembeni. Fundi aliinama nyuma ya lori. "Hata moshi hautoki. Kwa hiyo dizeli haifiki kwenye injini."

Alilegeza skrubu ndogo juu ya filta, akasukuma pampu ya mkono. Povu likatoka, blubu blubu. "Mnaona? Hewa. Lori likilala kuna mahali panavuta hewa, na dizeli inarudi kwenye tangi. Asubuhi injini haina kitu cha kuchoma." Akachukua spana, akaigonga bolti iliyofunga filta. "Nani aliishika bolti hii mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Mjomba, akiinamisha kichwa.

Mama alifungua mdomo. Chiriku akamwahi.

"Si kosa la Mjomba! Alinipa washa ya shaba, ile pete ya kuziba bolti, nimshikie. Ikaniponyoka, ikapotea mchangani. Niliogopa kusema, nikakata nyingine kwenye ndara, nikaivisha kwenye bolti kabla hajageuka."

Fundi alifungua bolti. Hapo palikuwa na kiduara cha raba ya bluu, kimevimba kwa dizeli na kuchanika. Alikiinua kila mtu akione. Kinyozi aliangua kicheko mpaka akaangusha chanuo.

"Ndara ya nani?" Mama aliuliza polepole.

"Yako. Ya kushoto."

"Na mimi nimetega mitego ya panya wiki nzima!"

Hata Mjomba alicheka, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. Chiriku hakucheka. Alimshika mkono. "Nisamehe, Mjomba. Nilikuwa naona unavyogombezwa, nikanyamaza."

"Yamekwisha," alisema Mjomba. "Ila siku nyingine ukitaka kukata ndara, kata zangu."

Fundi aliweka washa mpya ya shaba, akapampu mpaka povu likaisha. Lori likawaka papo hapo. Majirani walishangilia, lakini yeye alitikisa kichwa. "Ngojeni kesho."

Kesho yake majirani walikuwa wamejipanga nyuma ya lori hata kabla ya kuitwa. Mama aligusa ufunguo tu, injini ikanguruma, lori likaondoka wakiwa ndiyo kwanza wanaliegemea. Mwenye duka alianguka kifudifudi, akainuka akisema, "Mimi tangu mwanzo nilisema si betri."

Mama alisimamisha lori, akamwita Chiriku dirishani.

"Kupoteza washa kungetuchelewesha dakika tano," alisema. "Kuficha kumetuchelewesha wiki nzima, na nusura nimfukuze ndugu yangu kwa kosa asilolitenda. Ukiharibu kitu, njoo uniambie hapo hapo. Nitakasirika, ndiyo. Lakini hasira zangu huisha upesi kuliko uongo wako."

"Nimeelewa, Mama."

"Haya. Mpishe mjomba wako apande, kazi inatusubiri."