Jiwe la Meko

Jua lilikuwa linazama Gwenno alipotumwa kutafuta jiwe.

Jiwe bapa ambalo yeye na mumewe waliliandaa kwa ajili ya meko lilikuwa limepasuka vipande mkokoteni ulipopinduka. Bila jiwe la chini, moto ungelamba ukuta na nyumba ingeteketea kabla haijapata mwenyewe. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya usiku mmoja.

Sheria ya nyumba hizo kila mtu kwenye milima ya Welisi aliijua, hata wenye mashamba walioichukia. Maskini akijenga kwenye malisho ya wote baada ya machweo, na moshi ukatoka paani kabla jua halijachomoza, nyumba ni yake. Kisha anasimama mlangoni na kurusha shoka kila upande. Linapoanguka, hapo ndipo mpaka wake. Akichelewa, wanakuja na nyundo wanabomoa.

Gwenno hakuwa na pa kurudi. Walikuwa wamefukuzwa shambani, wakawa wanalala kwenye zizi la watu, na mwanawe Guto, mchanga wa miezi michache, kifua kilikuwa kinamkoroma. Mvua moja zaidi ingemmaliza. Gwenno alilijua hilo, na ndiyo maana hakubisha shemeji yake Deio alipomwongoza hadi kwenye rundo la mawe lililokuwa upande wa kaskazini.

Marundo ya namna hiyo yalitapakaa mlima mzima. Watu wa kale, wa kabla ya kanisa na kabla ya chuma, waliyaokota mawe yale wapate pa kupanda shayiri. Mengine walizikana humo. Kondoo walipita juu yake. Watu waliyazunguka.

"Shemeji, hili si ni kaburi?" Gwenno alinong'ona.

"La nani? Mwenyewe keshasahau alikolala." Deio alichomeka mtaimbo. "Shika huko. Unatetemeka kama kondoo aliyenyolewa."

Jiwe bapa liliinuka. Harufu ikatoka... Udongo mbichi. Nafaka iliyoungua. Chini kulikuwa na majivu, mifupa, na shoka la jiwe lililosuguliwa likang'aa.

Deio alicheka, akavua kofia. "Samahani, mzee. Tunaazima mlango wako."

Kitu kikapumua.

Upepo, walisema. Wote wawili walisema hivyo kwa haraka, wakalibeba jiwe mbio.

Walijenga kama wendawazimu. Tudur, mume wa Gwenno, alipanga mabonge ya udongo wenye majani huku akimtukana mdogo wake kwa uvivu, na Deio akamrudishia yote, maana hao ndugu ndivyo walivyopendana. Kabla ya mapambazuko moto uliwaka juu ya jiwe lile. Moshi ukapanda.

Gwenno alilia. Hakuona haya. Guto alilala pembeni ya meko, kwa mara ya kwanza mikono yake ikiwa na joto.

Nje ukungu ulikuwa mzito. Tudur alisimama mlangoni akatema mate viganjani.

Mashariki. Shoka likaanguka. Pu! Deio akaenda akalirudisha.

Kusini. Pu!

Magharibi. Pu!

Kaskazini akalirusha kwa nguvu zote.

Walisubiri.

Kimya.

"Limeanguka kwenye tope," Deio alisema. "Nalifuata. Shoka lenyewe la kuazima, mwenyewe atanichuna ngozi." Akatumbukia ukunguni akipiga mluzi.

Mluzi ukakatika.

Ko. Ko. Ko.

Sauti ya mtu anayepasua kuni, bila haraka.

Deio alirudi akitambaa. Mkono wa kulia haukuwepo. Shavu lilining'inia, na damu ilimwagika kwenye nyasi kwa mikupuo. Alimshika Tudur mguu akajitahidi kusema.

"Anapima..." alinong'ona. "Anapima shamba lake."

Akakata roho palepale.

Tudur alinguruma. Alichomoa mtaimbo ukutani akasimama kizingitini. "Toka, mwanaharamu! Toka nikuone!"

Lilikuja likizunguka hewani. Gwenno alisikia mvumo tu. Shoka la jiwe lilimkata mumewe shingo, likapitiliza, likaruka juu ya mtoto na kukita ukutani, nyuma ya kichwa cha Guto.

Tudur alisimama bado, kana kwamba hajaambiwa. Kisha akaanguka kifudifudi juu ya mdogo wake.

Hapo ndipo Gwenno alipoelewa. Moshi ulikuwa wao, lakini jiwe lililokuwa chini ya moto ni la mtu mwingine, yule wa kaburini. Moto umewaka mekoni kwake, jua halijachomoza. Naye anasimama mlangoni kwake, anarusha shoka.

Angeweza kuuzima moto huo. Angemwaga maji, angembeba mtoto, angekimbia. Lakini akimbilie wapi? Nje mvua ilikuwa imeanza.

Hasira ilimkaba. Aling'oa shoka ukutani, akamruka mumewe, akatoka.

Mtu alikuwa amesimama penye mpaka wa ukungu. Mfupi, kavaa ngozi, uso mweusi kwa majivu. Nyuma yake walisimama wengine wenye majembe ya mti. Alinyoosha mkono kwa utulivu, kama mkulima anayedai kifaa chake.

Gwenno alimpiga nalo usoni.

Fuvu lilipasuka kama chungu. Shayiri ikamwagika, nyeusi, iliyoungua. Akapiga tena. Bega. Mbavu. Magoti. Alipiga huku akilitaja jina la mumewe, hadi pakabaki majivu tu miguuni pake. Kisha akalirusha shoka kaskazini.

Pu!

Mbali sana.

Wale wengine wakageuka, wakaondoka pamoja na ukungu. Jua likachomoza.

Watu wa mwenye shamba walipofika na nyundo zao, walikuta maiti mbili, moshi ukipanda, na mwanamke mwenye damu hadi viwikoni. Walirudi walikotoka. Kanisani ilisemwa ndugu waliuana kwa ulevi. Gwenno aliwaacha waseme. Nyumba ilikuwa yake, shamba lilikuwa lake, na Guto hakukohoa tena. Hata mara moja. Hata alipolowa mvua wakati wa baridi.

Sasa Guto anatembea na kuzungumza. Kila jioni huokota mawe kwenye shayiri na kuyapeleka nyuma ya nyumba. Majirani humsifia. "Mkulima huyo, Gwenno! Umepata mtu!"

Jana Gwenno alikwenda kutazama. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri mno kwa mikono midogo vile. Katikati palikuwa na nafasi ya urefu wa mtu.

"Unajenga nini, mwanangu?"

"Nyumba."

"Ya nani?"

"Yako, mama. Babu mwenye uso wa majivu anasema ile yenye moto ni yetu mimi na yeye."

Alimtazama mama yake toka kichwani hadi miguuni, taratibu. Kisha akarudi shambani kuleta jiwe lingine.