Vidonge Vinne vya Kathini

Tangu mama yao alazwe, Kathini alirauka, akateka maji, akafagia na kupika uji. Dada yake Ndinda ndiye aliyeupeleka wodini, na ndiye aliyesifiwa. Hata majirani walimwita mama yao Mama Ndinda, kwa kuwa Ndinda ni kifungua mimba. Kathini alinuna.

Siku ya upasuaji, mama alipotolewa uvimbe kwenye tumbo la uzazi, Kathini naye alienda. Alitarajia kumkuta akilia, lakini mama alitabasamu.

"Nilidungwa dawa mgongoni," alisema. "Siumwi. Uso tu unaniwasha."

Ndinda alichovya kitambaa majini akampangusa.

"Asante, mwanangu. Wewe ndiwe mkono wangu."

"Na uji nimepika mimi," Kathini alisema.

"Haya, weka hapo."

Weka hapo! Kathini alitoka akaenda dukani kununua vidonge vya mwasho, vile vinavyoleta usingizi, ili naye asifiwe. Ndinda alipokwenda kufua, Kathini alimpa mama vinne.

"Sista amesema umeze," alidanganya.

Baadaye mama alilala fofofo. Sista Kalondu, muuguzi wa zamu, alikuja kuhesabu pumzi zake kama kawaida. Akahesabu tena.

"Mama Ndinda, amka."

Mama hakuamka.

"Anapumua polepole mno. Nani amempa kitu?" Alimtazama Ndinda, aliyekuwa amerudi. "Si wewe ndiwe unayekaa naye?"

"Sijampa kitu, sista."

Kathini angenyamaza, Ndinda angelaumiwa. Kwa muda mfupi alilitaka hilo. Kisha akaona midomo ya mama imepauka.

"Ni mimi," alisema. "Vidonge vya mwasho. Vinne."

Sista alimvika mama kinyago cha oksijeni, akamwita daktari. Daktari akamdunga dawa kwenye mshipa. Wasichana walisubiri kando ya ukuta hadi mama alipofumbua macho.

"Mbona mnaniangalia hivyo?"

Kathini alilia.

"Ungeniponza," Ndinda alimwambia, lakini akamshika mkono.

Sista Kalondu aliwaita kando. "Ile dawa ya mgongoni huzuia maumivu hadi kesho, lakini inaweza kupunguza pumzi. Ukiongeza ya usingizi, unamzidishia hatari. Mgonjwa akiwashwa, tuite. Kathini, wivu wako nusura umuue mama yako. Ulipousema ukweli, tulijua la kufanya. Kesho njoo na dada yako, na msimpe chochote kabla ya kuniuliza."