Pini Katika Unyayo wa Baba

Kila jioni, kabla ya chakula, fundi cherehani alivua viatu, akauweka mguu juu ya kigoda na kuita, "Mkaguzi yuko wapi? Kazi inamsubiri!"

Mkaguzi alikuwa binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita. Baba alikuwa na kisukari, na ugonjwa huo ulikuwa umeitia miguu yake ganzi. Nesi wa zahanati aliwaeleza kwamba mtu asiyehisi maumivu huweza kutembea na kidonda bila kujua, mpaka kikaoza. Basi nyumba nzima ikajifunga kibwebwe. Mama aliondoa kopo la sukari mezani, na chai ile waliyoinywa kwa nyuso za kununa mwanzoni, sasa walikuwa wameizoea. Baada ya chakula wote walizunguka mtaa kwa miguu. Binti yeye alipitisha sumaku sakafuni kunasa pini zilizoanguka, kisha akakagua nyayo za baba, kidole baada ya kidole.

Jioni moja rafiki zake walimwita kutoka nje. "Wewe, njoo! Tunaanza kuruka kamba!"

"Safi kabisa, Baba!" alisema binti, na macho yake yalikuwa mlangoni.

"Ahsante, Mkaguzi wangu. Nenda kacheze."

Hakuwa ameruka sana alipokanyaga kokoto lenye ncha. "Yalaa!" alilia, akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Kokoto tu hilo! Unalia kama umekatwa kwa panga," rafiki zake walimcheka.

Naye alicheka. Kisha kicheko kikamkauka. Yeye ameumia, amepiga kelele, ameutazama mguu wake. Je, Baba angepiga kelele?

Alirudi mbio nyumbani. Baba alikuwa ameshavaa viatu, anataniana na Mama.

"Baba, vua viatu. Sikuangalia. Nilikudanganya."

Baba alivua. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia kiling'aa kichwa cha pini. Pini yenyewe ilikuwa imezama yote nyamani, na muda wote huo Baba alikuwa akicheka. Mama alishika mdomo.

Bahati nzuri zahanati ilikuwa bado wazi. Nesi aliitoa pini, akasafisha jeraha na kulifunga bandeji. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Mngekawia, tungekuwa tunazungumza habari za kukata mguu."

Binti alibubujikwa na machozi. "Nisamehe, Baba."

"Kunidanganya umekosea, mwanangu, sitakuficha. Lakini umerudi mwenyewe ukasema kweli, na mguu wangu ninao. Nakushukuru sana."

Fundi hakuwahi kumwambia jirani yeyote habari za ugonjwa wake. Aliogopa wateja watamkimbia. Lakini katika mkutano wa mtaa uliofuata, mwenyekiti alipouliza kama kuna jambo jingine, alisimama na kuvua kiatu mbele ya watu wote.

"Fundi, siku hizi unauza viatu?" mtu mmoja alitania, na watu wakaangua kicheko.

"Naonyesha bandeji," alijibu. Akawasimulia yote, kisha akaomba nesi apewe ukumbi wa mtaa siku moja, awapime watu sukari na kuwakagua miguu. Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alikubali hapohapo.

Siku ilipofika, seremala jirani alikuja kwa mzaha tu, akiapa kwamba yeye ni mzima kama chuma. Nesi alikuta kidonda kisiginoni mwake, na sukari yake ilikuwa juu. Seremala alimshika fundi mikono yote miwili, akamshukuru.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nesi aliwaambia watoto waliokuja na wazazi wao. "Mwenye kisukari anaweza kuishi vizuri miaka mingi, lakini si peke yake. Anahitaji nyumba inayokula na kutembea pamoja naye, majirani wasiomcheka, na watu wanaomwambia kweli. Mshukuruni huyu binti. Angenyamaza, leo tusingekuwa hapa."

Jioni ile Baba aliuweka mguu juu ya kigoda kama kawaida. Nje rafiki zake binti walikuwa wanaita.

"Vipi, Mkaguzi? Safi?"

"Subiri, Baba," alijibu, akisogeza taa karibu. "Bado naangalia."