Sanduku Lililotolewa Tupu

Saa kumi na mbili jioni nilitoka nyumbani kwangu Maretadu nikiwa na maharage kwenye kikombe cha plastiki. Ungeniona ungesema mwalimu Gaudensia anampelekea jirani mbegu. Njiani nilikutana na wazee wawili, nikawaamkia shikamoo, wakaitikia, nikaendelea kushuka bondeni. Hawakujua kwamba nilikuwa nashindana na jua.

Maharage yale yalikuwa ya kumwokoa mtu, jina lake Onesphory. Na aliyemtia hatarini ni mimi.

Sisi tuko tisa, wa Mbulu na Hanang, na hakuna kati yetu anayeishi kwa useremala. Mimi nafundisha shule ya msingi, Muksini ana duka Dongobesh, wengine wanalima na kufuga. Lakini tukishika randa tunasahau hata kula. Kila mwaka baada ya mavuno kila mmoja hutengeneza sanduku dogo kwa mkono wake, hulifunga ndani ya gunia lisijulikane ni la nani, kisha tunakutana dukani kwa Muksini na kuokota namba. Namba uliyookota ndiyo sanduku lako. Sheria yetu ni moja: sanduku halitolewi tupu. Utaweka ndani kiganja kimoja cha nafaka ya shambani kwako, iwe mahindi, iwe maharage.

Kaka yangu Renatus ndiye aliyenifundisha kazi hii. Akimaliza sanduku aligonga kifuniko kwa kidole mara tatu, haraka haraka, akasikiliza kama kuna kiungo kilicholegea. Ko-ko-ko. Sote tuliiga, kila mtu kwa mtindo wake. Onesphory, ambaye yeye na Renatus walikuwa chanda na pete, aligonga mara mbili, tena polepole. Tulimtania kwamba anabisha hodi kwa mkwe.

Mwaka jana Renatus alirudi kwa miguu kutoka kwenye kubadilishana masanduku, sanduku la mwerezi kwapani. Kwenye kona ya darajani gari likamgonga, likaenda zake. Alilala pale barabarani mpaka alfajiri. Daktari alituambia kwamba angewahishwa hospitali usiku ule angepona.

Hilo ndilo lililoniunguza. Kugonga ni ajali. Kumwacha je?

Nilijiona namjua aliyefanya. Theodory wa Masakta ana pikapu, na siku ile ile alitukanana na Renatus mbele yetu sote kwa sababu ya gogo la mloliondo. Alipokuja msibani sikumpa mkono. Onesphory naye ana pikapu, lakini alisema wiki ile ilikuwa gereji Katesh, vinginevyo angempeleka Renatus nyumbani mwenyewe. Tena yeye ndiye aliyetengeneza jeneza kwa mbao zake. Tulipomwendea asubuhi kumwomba, tulimkuta ameshaanza, machozi yanadondoka juu ya mbao. Tulimshukuru sana. Nilimpenda kama kaka wa pili.

Mimi nina kinyongo. Mama alikuwa akiniambia hivyo tangu utotoni, na hakukosea. Nikaenda Masieda kwa bibi mmoja ambaye watu humtaja kwa sauti ya chini. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, nikamweleza yote.

"Vipande vya sanduku lake unavyo?"

"Ninavyo." Nilikuwa nimeviokota barabarani kimoja kimoja, nikavifunga kwenye khanga.

"Tengeneza jingine kwa mbao hizo hizo. Penye damu usipige msasa. Halafu ulitoe tupu."

"Bibi, kwetu sanduku halitolewi tupu."

"Ndiyo maana. Likiwa tupu linaomba. Litamwomba atakayelipokea, jioni tatu. Ukibadili nia, jaza maharage ya shamba lako, kwa mkono wako, kabla giza la siku ya tatu halijashika. Likishashika..."

Alirusha maharage mabovu kwa kuku.

Mwaka huu zamu ya kuandika namba ilikuwa yangu. Sanduku langu nililiandika saba. Karatasi ya saba nikaibana katikati ya vidole, wengine wakaokota. Theodory huchelewa kila mwaka. Alipofika nikaidondosha kwenye bakuli ikiwa peke yake. Niliiona kwa macho yangu. Saba.

Theodory akaifungua.

"Nne," alisema.

Nyuma yangu Onesphory akacheka. "Mimi nina saba!"

Sijui ilikuwaje. Mpaka leo sijui. Alifungua gunia, akafungua sanduku, akalipindua. Halikutoa hata punje. Watu wakacheka, wakasema mwenzetu mmoja mwaka huu ana njaa. Nami nikacheka nao. Ningesema nini? Kusema kwamba ni langu ilikuwa sawa na kusema yote.

Nilijidanganya kwamba bibi yule ni tapeli. Siku mbili nikafundisha hesabu, nikasahihisha madaftari. Siku ya tatu, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, ikaingia simu ya Genoveva, mke wa Onesphory. Alikuwa ananong'ona.

"Dada Gaude, njoo. Baba Julius hali, halali. Anasema sanduku linagonga... Nami nimelisikia, dada."

Wana watoto watatu. Nilichota maharage, nikatoka mbio bila hata kufunga mlango.

Nilipofika, jua lilikuwa limebaki ukingoni tu mwa kilima. Genoveva alinipokea uani, akanionyesha karakana kwa kidole. Hakutaka kusogea karibu.

Harufu ilinipokea mlangoni. Maranda mabichi ya mwerezi... na matope ya barabarani. Lakini hapakuwa na maranda. Sakafu ilikuwa safi, msumeno na patasi vimetundikwa.

Onesphory alikaa kwenye benchi la kazi, sanduku mapajani. Amekonda kwa siku tatu. Mwanga mwekundu wa dirishani ulikuwa umefika ukutani juu ya kichwa chake, unapanda taratibu.

"Shemeji," nilimwita. Nimezoea kumwita hivyo kwa utani.

"Sikiliza," alinong'ona.

Nilisikiliza. Mbwa mmoja mbali. Kisha...

Ko-ko-ko.

Ugongaji ule wa kidole niliujua. Niliusikia miaka kumi na mitano, kila jioni, kwenye karakana yetu. Nililia palepale, na si kwa hofu. Nilikuwa nimemkumbuka kaka yangu.

"Anauliza," Onesphory alisema. "Kila jioni swali hilo hilo."

"Swali gani?"

"Kwa nini sikusimama."

Mwanzoni sikuelewa. Kweli sikuelewa.

"Gari lako lilikuwa gereji," nilisema.

"Halikuwa gereji, dada."

Ko-ko-ko.

"Nilikuwa nimekunywa. Nilidhani ni ndama. Nilishuka na tochi, nikammulika. Alinitambua. Aliniita jina langu... Oni, nipandishe. Alisema hivyo. Nikaogopa polisi. Nikapanda gari."

Nilibaki nimesimama na kikombe changu.

"Halafu?"

Mwanga ukawa mstari mwembamba tu chini ya bati.

"Sikupata usingizi. Nikawasha taa humu ndani. Nikaanza kupima mbao za jeneza."

"Saa ngapi?"

"Saa nne za usiku."

Saa nne za usiku. Renatus aliokotwa saa kumi na moja alfajiri, mwili bado una joto.

Alikuwa hajafa bado!

Sanduku likagonga tena, kwa nguvu sasa, mpaka mikono yake ikaruka. Ndipo alipokiona kikombe. Macho yalimtoka.

"Ni maharage? Weka, dada. Nimejaza ya kwangu, yanapotea. Labda ya kwako... Nakuomba. Nina watoto."

Nilimimina maharage kiganjani. Nakumbuka yalikuwa ya moto kwa sababu ya kukumbatia kikombe njia nzima. Nilisogea mpaka nikafika mbele yake. Alifungua kifuniko. Ndani palikuwa peusi, na yale matope yakanukia usoni.

Nilimwona Renatus chini ya tochi, anaita jina la rafiki yake.

Nikafumba mkono.

"Dada Gaude..."

Nilihesabu pumzi zangu. Mstari wa mwanga ukatoka ukutani. Giza likashika.

Nilitoka na maharage yangu mkononi. Uani Genoveva alinishika mkono. "Umeweza kumtuliza?"

"Atalala leo," nilimjibu.

Walimkuta asubuhi kwenye kona ya darajani, amelala ubavu, mbavu zimevunjika, mguu mmoja umepinda kama ulivyopinda wa Renatus. Polisi waliandika gari lisilojulikana. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mapema usiku ule, na barabara nzima ilikuwa tope laini. Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Hapakuwa na alama ya tairi. Palikuwa na nyayo zake tu, za miguu mitupu, kutoka kwake hadi pale.

Theodory alikuja kutoka Masakta, akatengeneza jeneza. Nilimshikia mbao upande wa pili. Alinipa mkono, nikaupokea, nikashindwa kumwangalia usoni.

Baada ya arobaini Genoveva alinipigia hodi. Amevaa kaniki, amepungua. Alikuwa amebeba sanduku ndani ya khanga.

"Wewe unapenda vitu hivi," alisema. "Nimelichoma mara mbili, halishiki moto. Chukua, dada. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho."

Sijutii. Nasema tena, sijutii, na atakayenihukumu kwanza aniambie angefanya nini. Lakini kila jioni jua likishuka najaza sanduku lile maharage mpaka juu, nafunga, naliweka mezani. Asubuhi nakuta tupu. Gunia la mavuno limefika nusu.

Muda wote huu nilijua ni Renatus. Sanduku lilikuwa linagonga nikiwa jikoni, na mvua juu ya bati, sikuwahi kuhesabu. Nilisema kaka yangu bado ana njaa, na kaka yangu ningempa gunia zima, ningempa na shamba.

Jana mvua haikunyesha. Nilizima redio, nikalipakata mapajani, nikainamisha sikio ili nimsikie vizuri.

Ko...

Nikasubiri.

Ko.

Yalikuwa mawili tu, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Na mkono wangu wa kulia, ule uliofumba maharage jioni ile, ukaanza kupata joto.