Sahani ya Luhende

Swala wa kisiwani wamezoea watu. Husogea hadi miguuni wakanusa mikoba. Siku ile Dorotea alipowakaribia, walikodolea macho kitu kilichokuwa pembeni yake, kisha wakatimua mbio wote. Pimbi nao wakajitupa mashimoni. Hata simba, ndani ya uzio wake, alirudi nyuma hadi ukutani akajikojolea.

"Samahani, mama," mwongoza watalii, Venant, alisema kwa sauti ya chini. "Wanaogopa kitu ulichokuja nacho."

Selina alikuwa amemleta mama yake hifadhini ili acheke kidogo baada ya mwaka mzima wa ujane. Akamshika mkono. "Mama, bado unampakulia baba?"

Dorotea alitazama ziwa. Ndiyo, bado. Tanga lilianuliwa zamani, wanawe wakarudi makwao, na nyumba ya Mkuyuni ikabaki na saa ya ukutani tu. Akawa anapakua sahani mbili. Jioni moja ile ya Luhende, mumewe, aliikuta tupu, naye akafurahi mno.

"Marehemu alikuwa na mwiko gani?" Venant aliuliza.

"Kamongo. Ukoo wao hawamgusi samaki huyo hata wafe njaa."

"Basi mpikie kamongo. Mumeo hatakula. Akila, mama, huyo ni jini. Pindua sahani kifudifudi, ataondoka asirudi."

Jioni ile alipika. Selina alitaka kubaki naye, akamkatalia. Aliweka sahani upande wa Luhende akageukia ukuta kama kawaida yake, na kwanza ikaja ile harufu ya manyoya yaliyolowa, kisha kiti kikalia, kisha mifupa ikaanza kuvunjwa taratibu, na pumzi ya moto ikampitia shingoni huku amefumba macho, akikumbuka jinsi Luhende alivyowahi kutapika kwa kunusa tu mchuzi wa kamongo.

Hakuwa yeye. Dorotea alilia, mjane kwa mara ya pili.

Kulipotulia aligeuka, akaishika sahani iliyolambwa ili aipindue. Saa ya ukutani ikaanza kusikika, tik, tik, nyumba nzima.

Akaiweka chini vilevile ilivyokuwa. "Umeshiba?" aliuliza.

Kiti kikalia.

Asubuhi Selina alipiga simu. "Shikamoo mama. Ulipindua?"

"Marahaba. Nilipindua, mwanangu."

Alikuwa sokoni, mbwa wakimkimbia, akimwomba muuza samaki amchagulie kamongo mkubwa kuliko wa jana.